Kodi ya ploti ikipanda nitalipa, lakini isiingie ile akaunti kubwa

Mwana_Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Wasee naomba leo tuongee hii maneno ya kodi ya ardhi, ile bili ya ploti ya kanjo, yaani kaunti ya Nairobi, bila kutukanana. Kila mara stori ya kuongeza ikitokea watu wanagawanyika, kuna wale wa "kanjo ni wezi" na wale wa "lipeni mpate huduma", alafu uzi unakufa hakuna kitu imesemwa. Msimamo wangu naweka hapa juu kabisa ndio usisome yote uanze kuniuliza niko upande gani. Mimi nina ploti, wakiniongezea nitalipa, bora tu hiyo nyongeza isiingie ile akaunti moja kubwa ya kaunti. Ifungiwe kazi yenye jina, kwa wadi yenye jina, na mwananchi aone risiti.

Sasa kwa nini mtu mzima anasema atalipa zaidi. Mimi naishi Umoja. Hii estate ilijengwa miaka ya 70 na pesa ya Marekani, nyumba ndogo ndogo za familia moja na kanafasi kadogo ka kuongeza chumba ukijipanga. Bomba za maji taka zilizozikwa hapa chini zilipimiwa hizo familia. Leo kwa ploti ile ile kuna gorofa ya orofa sita, kila orofa bedsita nne ama tano, wote wanamwaga kwa bomba lile lile, na mitaro ya maji ya mvua watu wamejengea vibanda juu. Kwa laini yetu kuna manholi iliyoibiwa mfuniko kitambo, mtu akasimamisha tawi la mti na tairi kuukuu ndani ndio magari yaone, tawi likakauka, sasa jamaa wa chipo ameweka ubao hapo na wateja wake wanasimama juu yake wakingoja smoki. Mvua ikinyesha ubao unaelea unaenda zake. Kila mtu amezoea.

Na hii si Umoja pekee, enda Kayole, enda Dandora, ile ya ploti 6,000 za Benki ya Dunia, ni hali moja. Vitu vilijengwa mara moja, hakuna mtu aliweka pesa kando ya kuvibadilisha vikizeeka.

Kuhusu hesabu yenyewe, wengi wanalipa bila kujua inatoka wapi. Kanjo wanahesabu thamani ya ardhi tupu, si nyumba. Kwa karibu miaka 40 walikuwa wanatumia daftari la thamani za 1980, na sheria ya zamani ilikuwa inataka lipigwe upya kila miaka kumi. Badala ya kulipiga upya walikuwa wanapandisha pasenti tu, wakati wa gavana Kidero ikafika 34. Yaani unalipa 34 pasenti ya bei ya enzi za Moi. Daftari jipya liliandaliwa 2019, na ndio ikaja ile hesabu ya asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Ploti ya milioni 10 hapo inalipa 11,500 kwa mwaka, hata haifiki elfu moja kwa mwezi. Gadi wa geti tunamlipa kuliko hiyo. Wa takataka naye tunalipa pembeni, na kila mvua tunachanga pesa ya kuzibua. Kwa hivyo pesa tunatoa tayari, tunaitoa tu mahali haijumlishwi.

Nangoja mawe.

Bonge_la_Eastleigh

Kanjo waongezewe pesa? Hapana asante. Hiyo pesa ni maji kwa kikapu.

Landilodi_Mnyonge

Mwanzilishi umeongea vizuri lakini unaongea kama mtu wa ploti moja. Mimi niko na tatu, mbili ni za mkopo wa sacco. Bili ya maji ikipanda nalipa mimi, stima ya ngazi mimi, wapangaji wakihama usiku na deni ni langu, sasa kodi ya ardhi nayo? Sawa. Wacha iongezwe, mimi bedsita zitapanda 500, na msilie.

Mpangaji_Sugu

@Landilodi_Mnyonge hapo ndio mnatuua. Wacha tupige hesabu polepole, mtu wangu. Kanjo wakuongezee elfu kumi kwa mwaka kwa ploti, wewe uko na nyumba 30, unaongeza 500 kila nyumba kila mwezi. Hiyo ni 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka. Kanjo wamechukua elfu kumi, wewe 170,000 umeweka mfuko wa nyuma alafu unatuambia "ni kodi imepanda".

Na kitu mwanzilishi amepitia haraka sana ni hiyo ya ardhi tupu. Mimi nataka turudi hapo. Mwenye gorofa ya nyumba 30 na yule shosho wa ploti saizi ile ile na nyumba ya mabati ya vyumba viwili, kama thamani ya ardhi ni moja wanalipa sawa! Nani anajaza suweji? Nani analeta magari kumi na tano kwa barabara ilijengwa ya gari mbili? Sheria tangu zamani ilikuwa inaruhusu kaunti kuongeza kodi ya jengo juu ya ile ya ardhi, Nairobi ndio ilichagua ardhi peke yake. Kabla mpandishe kodi ya kila mtu, anzeni na gorofa.

Landilodi_Mnyonge

Anza kujenga yako ndio ujue simiti ni pesa ngapi.

Mpangaji_Sugu

Sijasema usijenge, nimesema ulipe.

Fundi_wa_Rodi

Niko kazi lakini wacha niweke yangu juu hii ndio kazi nafanya, kuzibua. Mambo mawili.

La kwanza, watu mnachanganya bomba. Maji taka si pesa ya kodi ya ploti. Ukiangalia bili yako ya maji kuna laini ya maji taka hapo, hiyo ndio inafaa kutengeneza bomba na inaenda kwa kampuni ya maji. Kodi ya ploti inaenda kaunti, na kaunti ndio ya mitaro ya maji ya mvua, taa, soko, soshoholi, takataka, na zile barabara za ndani. Zile kubwa nyingi ni za KURA ama KeNHA, mashirika ya barabara ya serikali kuu, na tunazilipia kwa petroli, ile pesa ya barabara ilitoka 18 kwa lita ikaenda 25 mwaka wa 2024. Kwa hivyo mtu akikwambia ongeza kodi ya ploti ndio tutengeneze suweji, muulize vizuri hiyo pesa itavuka aje kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

La pili, mtaro na suweji vimeoana na hiyo ndio shida kubwa ya Eastlands. Mtu anajenga gorofa, mtaro wa barabarani umeziba, anachukua paipu ya maji ya mvua kutoka paa anaingiza kwa manholi. Usiku mmoja wa mvua maji ya paa ishirini yote yanaingia bomba la maji taka, lazima litapike, na linatapikia yule wa chini kabisa wa laini. Alafu mwingine naye suweji yake imeziba anatoboa anaelekeza kwa mtaro. Mkiona mtaro unanuka wakati wa jua mjue ni hiyo.

Na vile tunatoa huko chini, wueh. Ukisukuma rodi na uzungushe, kitu ya kwanza inakuja ni pampasi, alafu matambara, nywele za saluni zimesokotana zikawa kamba, na chini kabisa mafuta ya chipo imeganda nyeupe ngumu unaeza dhani ni simiti, hiyo mpaka uikate na jembe. Bomba lenyewe ukilipata halijavunjika ni bahati. Mifuniko ya chuma ndio msiniulize. 2022 serikali ilipofunga biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa, sisi huku mtaani tuliona mifuniko inakaa mahali imewekwa. Ilipofunguliwa tukarudi kwa matawi ya miti.

Mwana_Umoja

@Fundi_wa_Rodi asante mkuu, hii ndio nilikuwa nataka. Na inasaidia hoja yangu, juu kama mtaro wa mvua ni wa kaunti na ndio ukiziba unaua suweji, basi pesa ya ploti iende mtaro kwanza. Hiyo ni kazi yenye jina. Mtaro kutoka hapa mpaka pale, mita kadhaa, mifuniko ya zege ile haiuziki kwa vyuma kuukuu, kwisha.

@Mpangaji_Sugu ya gorofa nakubali kabisa, iko kwa orodha.

Mzee_wa_Buru

Vijana hamjambo. Nimesoma yote, niruhusuni mzee nami niseme, na mnisamehe nikiandika mrefu.

Mimi niko Buruburu. Nilinunua nyumba hii kwa mkopo nikiwa kijana kama nyinyi, nikailipa mshahara kwa mshahara mpaka ikawa yangu. Wakati ule kanjo ilikuwa kanjo. Gari la takataka lilikuwa na siku yake na ukichelewa kutoa pipa ni wewe umekosa, taa ikiungua unaripoti na inawekwa nyingine. Sisemi hakukuwa na wizi, kulikuwa. Lakini 1983 baraza lilipovunjwa tukawekewa tume ambayo hatukuichagua, na ikakaa mpaka 1992, hapo ndipo mambo yalianza kulegea na hayajawahi kurudi sawasawa. Wakaja madiwani tena, wakaja magavana 2013, wakaja watu wa NMS, ile ofisi ya serikali kuu iliyopewa kazi za kaunti, 2020, wakaenda 2022. Kila mtu anayekuja anatengeneza jina jipya la ofisi na mfumo mpya wa kulipia. Mimi nina risiti za kila rangi kwenye faili hapa.

Hoja yangu ni hii. Kwenye karatasi mimi ni tajiri. Ploti yangu wanasema ni mamilioni. Lakini siwezi kula ploti. Pensheni yangu inajulikana, dawa za presha zinajulikana, na huyo mkadiriaji wa thamani hapiti jikoni kwangu. Ukichelewa baada ya mwisho wa mwezi wa tatu, faini inaanza kukimbia asilimia tatu kila mwezi, hiyo ni thelathini na sita kwa mwaka. Benki gani inatoza hivyo? Mnataka kuongeza, ongezeni, lakini wekeni kifungu cha wazee: deni likae pale kwa ardhi bila faini, likatwe siku nyumba itakapouzwa ama watoto watakaporithi. Huko Australia na New Zealand kuna mabaraza yanafanya hivyo kwa wastaafu. Si msamaha naomba, nitalipa, ila nitalipa nikiwa nimeenda.

Fundi_wa_Rodi

Mzee wetu umesema. Hiyo ya mwisho imenichekesha na imeniumiza.

Chozi_la_Mlipaji

Mzee amegusa faini, wacha nigongee hapo hapo. Mimi hulipa kila mwezi wa kwanza kabla ya tarehe, kila mwaka. Jirani yangu hajalipa sijui tangu lini. Kaunti ikikosa pesa inatangaza msamaha wa faini, jirani analipa deni bila faini, tunatoka sawa, tena yeye amekaa na pesa yake miaka yote hiyo ikizaa. Gavana anayefuata naye anatangaza msamaha. Kila utawala! Sasa nani atalipa kwa wakati kama anajua msamaha unakuja kama mvua za Aprili? Wanatufunza kutolipa alafu wanashangaa hatulipi, alafu dawa yao ni kuongezea sisi wachache tunaolipa. Kwanza tafuta wale hawalipi, ndio uje kwangu.

Sheya_Embakasi

Na wengine tungetaka kulipa na hatuwezi. Huku kwetu ploti ni za sheya, kampuni ya ardhi iliuza na karatasi zake, taitoli nyingi hazijatoka mpaka leo. Mtaa mzima gorofa, watu maelfu, na kwa daftari ya kanjo hii yote inaeza kuwa inasomeka shamba moja kubwa. Barabara tunajimwagia murram wenyewe. Nilienda ofisi moja mjini na karatasi yangu ya sheya nikitaka kuanza kulipa ndio angalau nikidai mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaa, nidai na haki, jamaa wa kaunta akaniangalia akaniuliza, "Unataka kulipa nini?" Akaita mwenzake waje wanione.

Mpangaji_Sugu

😂😂😂 waje wanione

Mhasibu_wa_Mtaa

Nilikuwa nimejizuia. Sasa wacha tuweke namba na sheria mezani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 209, imetaja kodi mbili ambazo kaunti inaweza kutoza yenyewe: ya mali isiyohamishika na ya burudani. Hizi zingine zote mnazolia nazo, parking, leseni ya biashara, soko, mabango, ni ada. Sasa angalieni vile hii jiji inakusanya pesa. Mama mboga anaamshwa na askari wa kanjo, mtu wa probox analipa kila siku, mwenye duka analipa leseni hata kabla auze kitu, na ardhi ya Nairobi, ambayo ndio ghali zaidi Kenya nzima, ilikaa kwa bei ya 1980. Kwa hivyo kimsingi mwanzilishi ako sawa, kodi ya ardhi ndio ya haki kuliko zote. Ardhi haihami. Haijifichi kwa uchochoro ikiona gari la kanjo. Na mtaro ukitengenezwa ni bei ya ploti inapanda, si ya sukuma wiki.

Lakini sikubali kuongeza pasenti saa hii. Mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti ilikusanya yenyewe zaidi ya bilioni 12, na haikufika lengo iliyojiwekea. Mdaiwa mkubwa si wewe na mimi. Serikali kuu iko na ardhi kila kona ya hii jiji, ofisi, kambi, nyumba za wafanyakazi, na kisheria inafaa kutoa mchango badala ya kodi. Hilo deni ni la mabilioni na kila gavana ameliimba mpaka akatoka. Upande mwingine kaunti nayo inaongoza kaunti zote kwa bili hazijalipwa, makontrakta wa miaka na miaka. Mnakumbuka mwezi wa pili 2025 malori ya kaunti yalimwaga takataka nje ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power, juu ya vita ya nani anadai nani? Hiyo ndio hali ya vitabu. Shilingi mpya ikiingia leo inakutana na foleni ya madeni mlangoni, mtaro wako wa Umoja utangoja nyuma ya mawakili.

Na hiyo ya "kufungia pesa" ni tamu kusema lakini kifungu cha 207 kinasema pesa zote za kaunti ziingie Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Ukishaingia hapo mshahara ndio wa kwanza kutoka.

Mwana_Umoja

@Mhasibu_wa_Mtaa umenipiga vizuri lakini 207 haijaishia hapo boss, soma yote. Inasema isipokuwa pesa ambayo sheria ya Bunge imetoa nje ya huo mfuko. Na imeshafanyika, hospitali. Ile sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya inaruhusu hospitali ya umma kubaki na pesa imekusanya na kuitumia hapo hapo. Kabla yake hospitali ilikuwa inakusanya, pesa inaenda makao makuu, alafu inaomba glavu kwa barua. Mbona wadi isifanyiwe hivyo kwa mtaro? Na hata bila kwenda Bunge, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuunda mfuko maalum bunge la kaunti likikubali. Wameunda mifuko ya basari na mikopo, hii haiwezi kuwashinda.

Kuhusu serikali kuu kulipa deni lake, ndio, tudai. Lakini tukisema tusiguse kitu mpaka serikali kuu ilipe, hiyo manholi yangu itakuwa imemeza mtu.

Bonge_la_Eastleigh

Mfuko maalum ni mdomo maalum. Huyo MCA, mwakilishi wa wadi, atakuwa mwenyekiti, shemeji yake atakuwa kontrakta.

Mwana_Umoja

Ndio nikasema kazi yenye jina. Tofauti ya "maendeleo ya wadi" na "mtaro wa upande wa kushoto kutoka steji ya mwisho hadi sokoni" ni kwamba ya pili unaenda kuangalia ukitoka kununua mkate. Shemeji akipewa, sawa apewe, lakini mtaro uwe pale.

Mtoi_wa_Kalo

Nimesoma mpaka hapa na naona wote ni wenye ploti ama wapangaji wa landilodi. Sisi wa nyumba za kanjo je? Kaloleni, Jericho, Maringo, Bahati, Shauri Moyo. Landilodi wetu NI kanjo. Kodi ya nyumba tunalipa kwao moja kwa moja, hakuna dalali hapo katikati, na paa linavuja. Kama mnataka kujua vile kanjo inatunza kitu ikiwa na pesa yake mkononi, karibuni Kalo, hizi nyumba ni za miaka ya 40, vyoo vya pamoja watu wamejitengenezea wenyewe, soshoholi yetu ambayo wazee walikuwa wanaiita Bunge juu ya siasa iliyochapwa hapo wakati wa mkoloni, enda uione rangi yake.

Lakini kuna kitu nataka muangalie. Maktaba ya Kalo iko hapo hapo. Ni ya kaunti, tawi la ile ya McMillan ya tauni iliyofunguliwa 1931. Ilikuwa imekufa. Wale wa Book Bunk, shirika la kufufua maktaba, wakaingia kwa makubaliano na kaunti, wakatafuta wafadhili, wakaitengeneza yetu na ile ya Makadara pia. Watu wa mtaa waliulizwa wanataka nini kabla, watoto wanajaa huko kila jioni. Jengo la kaunti, mtaa ule ule, watu wale wale. Kwa hivyo mkiniambia shida ni pesa nakubali nusu. Ile nusu nyingine ni kwamba kwa maktaba kulikuwa na mtu ambaye jina lake lingeharibika kama ingekwama. Kwa paa langu hakuna mtu kama huyo, kila mwaka unapewa karani mwingine.

Mhasibu_wa_Mtaa

@Mtoi_wa_Kalo hii ni ya maana kuliko namba zangu zote.

Upepo_wa_Karen

Kitu kidogo tu. Miaka ya 90 watu wa huku Karen na Lang'ata kupitia chama cha Karengata walikataa kulipa kanjo wakisema huduma hakuna, wakaenda nayo kortini. Kulipa kwa masharti si kitu mwanzilishi ameota. Tofauti ni kwamba huku tuna mawakili majirani na visima vyetu. Mtu wa Umoja akikataa kulipa, siku anataka kuuza ama kukopa na taitoli anaambiwa alete cheti cha kuonyesha hana deni la kodi ya ardhi, anarudi mkia katikati ya miguu.

Landilodi_Mnyonge

Wa Karen nao hawatakosa kutukumbusha wako Karen.

Mwana_Umoja

Haya, nimesoma yote, hata ya wale wa matusi huko katikati ambao wamefutwa. Kila mwaka kaunti ikileta mswada wake wa fedha kunakuwa na vikao vya maoni ya wananchi na wanapokea maoni kwa maandishi. Kwenye kikao utapata chai, watu ishirini waliobebwa na basi, na mwenyekiti anasema "maoni yenu tumeyasikia". Kwa maandishi angalau kunabaki karatasi na muhuri wa kupokewa. Nimeanza kuandika yetu, iko hivi kwa sasa:

Kwamba sisi wenye ploti na wapangaji wa wadi hii tunakubali nyongeza ya kodi ya ardhi ikiwa nyongeza yenyewe, si kodi yote, itaingia mfuko wa mitaro na taa wa wadi. Kwamba kazi zitatajwa kwa barabara na kwa mita kabla ya pesa kuanza kutozwa. Kwamba jina la kontrakta na bei vitabandikwa kwa geti la soko. Kwamba hakuna msamaha wa faini tena bila wale waliolipa kwa wakati kupunguziwa kiasi. Kwamba mstaafu anayeishi kwa nyumba yake mwenyewe aruhusiwe deni lake likae kwa ardhi bila faini, kama Mzee_wa_Buru alivyosema. Kwamba gorofa za kupangisha zitozwe na jengo pia, si ardhi peke yake.

Mzee_wa_Buru

Nitasaini. Lakini kifungu cha wastaafu kipande juu kiwe cha kwanza ama cha pili, karatasi za serikali husomwa ukurasa wa kwanza tu, nimefanya kazi huko.

Fundi_wa_Rodi

Ongeza ya paipu za paa. Mtu yeyote ameingiza maji ya mvua kwa manholi apewe mwezi mmoja aitoe ama akatwe. Bila hiyo mtajenga mtaro wa milioni na suweji itaendelea kutapika.

Mwana_Umoja

Inaingia, na mzee yako inapanda juu.

Landilodi_Mnyonge

Mimi nilikuwa nasaini mpaka nikafika hiyo ya gorofa. Itoeni niwaletee sahihi za malandilodi arobaini wa laini yetu, na mjue bila sisi hiyo karatasi ni ya wapangaji tu, MCA ataifungia mandazi.

Mpangaji_Sugu

Ikitolewa mimi natoka, na wapangaji ni wengi kuliko malandilodi arobaini, tena sisi ndio tunapiga kura huku, wewe si unapigia kwenu ushago?

Landilodi_Mnyonge

Nani amekwambia napigia wapi?

Mwana_Umoja

Ya gorofa inabaki. @Landilodi_Mnyonge andika pingamizi lako kwa aya moja tulibandike chini ya karatasi na jina lako, waone hatukukubaliana. Nachapisha Jumamosi, mwenye duka la cyber karibu na Mutindwa anitafute inboksi tuongee bei ya kopi.